Baba Anasahihisha Ndege

Baba yetu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Taita, na alipostaafu hakuna aliyemwambia aache kusahihisha. Alisahihisha mahubiri. Alisahihisha matangazo ya vifo redioni. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba moyo wake unaweza kuvumilia safari moja ya ng'ambo, kwenda na kurudi, lakini si mbili, dada yangu na mimi tulijua mara moja kwamba hapo pana mtihani.

Dada yangu mkubwa ni nesi Arizona, Marekani, jangwani kabisa, na ana mume na watoto watatu. Mimi niko Sydney, kitongoji cha Quakers Hill, katika chumba kilicho nyuma ya nyumba ya watu, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao yao. Mama alishatangulia. Dada alikuwa ameenda nyumbani kumwona Baba miaka miwili iliyopita. Mimi nilikuwa sijamwona kwa miaka sita, na nilimtaka aje kwangu kiasi kwamba nilikuwa nimeshamnunulia blanketi.

Baba hakupenda kubembelezwa. Aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, lenye watu watatu tu, yeye akiwa mwenyekiti: "Nitakwenda kwa mmoja. Wakati ninatafakari, nitumieni mambo ya huko. Sitaki majengo. Majengo nimeyaona. Nitumieni mimea na ndege."

Ilikuwa mwezi wa Machi. Huko kwa dada ndiyo kwanza majira ya machipuko yanaanza, na jangwa lao, ambalo mwaka mzima linafanana na uwanja wa kukaushia mahindi, hutoa maua. Akatuma video ya kichaka kilichosimama kama rundo la fimbo zenye miiba, kila fimbo na shada jekundu kwenye ncha. Mbele ya shada kulikuwa na ndege mvumaji, mdogo kuliko kidole gumba, amesimama hewani hajashika chochote, anakunywa. Kisha akarudi kinyumenyume kama gari linalotoka gereji.

Baba alijibu kwa ujumbe wa sauti. "Nimeona. Chozi, ndege wetu wa hapa anayenyonya maua, ana rangi nzuri kumshinda, lakini kurudi kinyumenyume hawezi. Na ua limeota mahali ambapo hata mbuzi angekata tamaa. Tisa kwa kumi."

Kumi Baba hakuwahi kumpa mtu. Nikamtumia dada kidole gumba cha pongezi na nikakaa na hasira siku mbili.

Kisha swali likaja kwangu. "Kwani Australia haina jangwa?"

Nikamweleza kwamba jangwa lipo, tena kubwa, lakini kutoka kwangu ni mbali kama kutoka kwetu hadi Kongo, na kwamba huku Machi ndiyo baridi inakaribia. Maua yangu yangekuja Septemba. Baba alifikiri, akasema haki ni haki, muhula wangu utafungwa mwishoni mwa Oktoba. Dada akaandika, "Mzee, hiyo si fair, mimi nimeshasubmit." Baba akamwambia anaruhusiwa kuongeza kazi.

Sikungoja Septemba. Karibu na stesheni kulikuwa na mti uliochanua nje ya msimu, maua yake mekundu yenye nywele kama burashi ya kuoshea chupa, na ndege wamejaa. Nikapiga video nzuri, mkono haukutetemeka hata kidogo. Baba akajibu: "Mti huu ulikuwa nje ya ofisi yangu. Wewe mwenyewe umechapwa chini yake. Nne."

Kumbe ni kweli. Mti wa Australia, umepandwa Kenya nzima kwenye shule na ofisi za serikali, na mimi nimevuka bahari kuja kumtumia Baba picha yake.

Basi nikaamua kumpelekea jangwa lenyewe. Kwenye duka la miche nilipata ua la jangwani la huku, jekundu la kutisha, lenye jicho jeusi katikati, kwenye chungu. Kibandiko kilisema lisimwagiliwe sana. Nilikisoma kibandiko. Lakini mimi nimesoma shule ya baba yangu, ambako kila mtoto alikabidhiwa mche wake na kila asubuhi tulibeba vidumu vya maji kutoka nyumbani, na mche wako ukinyauka ulieleza sababu mbele ya gwaride. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuona udongo mkavu akanyamaza. Nililimwagilia asubuhi, nikalimwagilia nikirudi kazini. Ua la jangwani lilikufa kwa maji siku ya tisa. Picha ya maiti sikuituma.

Septemba ikafika. Kwenye uzio wa mwenye nyumba wangu kichaka kikatoa maua mekundu yaliyopinda kama kucha, nikashukuru Mungu. Ila kilikuwa na wenyewe: ndege wa kijivu wenye ngozi ya manjano nyuma ya jicho, ambao kazi yao ni kumfukuza kila kiumbe anayekaribia, nikiwemo mimi. Hawakunywa, walilinda tu. Nikatuma hivyo hivyo. Baba alisema amewahi kuwa na naibu wa aina hiyo. Tano.

Nilikuwa nahangaika kwa njia ambayo sasa naiona haya. Siku za mapumziko nilipanda treni kwenda kwenye bustani na mabonde, nasimama mbele ya vichaka na simu mkononi, mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja. Wazungu wenye darubini walinisalimia kwa heshima wakidhani tuko chama kimoja cha watazamaji ndege.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa kazini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, tunayeosha naye wazee kila asubuhi. Nilimweleza natafuta ndege wa kusimama hewani. Akanitazama kwa huruma.

"Dada, ile ndege iko hapa hapa. Iko na mudomo murefu, ya kupindama. Kila asubui naionaka mu jardin, pale ku poubelles. Weye unazunguka Sydney yote, na iko ku kazi!"

Siku yangu ya mapumziko nikaenda kazini, moja kwa moja hadi bustanini. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya mapipa ya taka na kichaka chenye maua mekundu membamba. Meneja akatoka, akasema, "You're not on today, love," yaani leo si zamu yangu. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ndege. Akasema "no worries", neno ambalo huku hutumika hata na mtu mwenye wasiwasi, akarudi ndani na kunichungulia dirishani.

Baada ya saa mbili na nusu ndege akaja. Kifua cheupe chenye doa la kahawia, mdomo mrefu uliopinda, hasa kama chozi. Akasimama hewani mbele ya ua, mabawa hayaonekani, akanywa. Simu yangu ilikuwa inarekodi. Kisha akashika tawi kama ndege wa kawaida, lakini nilikuwa nimeshampata.

Baba aliitazama video hiyo usiku kucha au dakika tano, sijui. Jibu lilikuja kesho yake. "Nimehesabu. Amesimama hewani sekunde mbili, kisha amechoka. Saba. Umejitahidi."

Nyumbani kwetu, umejitahidi maana yake umeanguka.

Dada akaniandikia pembeni, na najua alikuwa na nia njema. "Pole mdogo wangu. Si uje tu huku Christmas tukae wote na Mzee? Guest room iko ready." Nikamtumia moyo mwekundu. Nilimwonea wivu hadi nikashindwa kula. Yeye alikuwa na kila kitu, na sasa hata ndege wake walijua kurudi nyuma.

Siku ya mwisho ya Oktoba Baba akapiga simu, asubuhi kwake, kwangu alasiri. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la stesheni ya Quakers Hill, nimeshuka kutoka kazini, sare bado mwilini.

"Nimefunga alama," akasema. "Dada yako ana tisa. Wewe alama yako ya juu ni saba."

"Najua, Baba. Hongera yake."

"Nakuja kwako."

Nikamwambia lakini dada ndiye aliyeshinda. Sijui kwa nini nilimtetea.

"Ameshinda, na nimemwambia hivyo. Lakini mimi sikutazama tu, nilisikiliza pia. Kwenye video za dada yako watoto wanagombana, na mume anauliza chumvi iko wapi. Zako nimezirudia zote mpaka mwisho. Ndege wanalia, upepo unavuma. Mtu hakuna. Hata wewe husemi kitu."

Nikamwambia niko sawa tu, ni kazi nyingi.

"Umenitumia ndege tangu Machi," akasema Baba. "Hujaniambia hata siku moja, Baba, njoo."

Nikamwambia. Ilibidi nirudie, kwa sababu mara ya kwanza treni ilikuwa inapita.