Matanga ya Magulunnyondo

Tangu nimfahamu Gyaviira Ssempebwa hajafanya kazi nyingine, na hapa Nyendo simjui mtu mwingine ambaye mdomo wake peke yake umejenga nyumba ya matofali. Anaketi pembeni ya skrini, kipaza sauti mkononi, na filamu yoyote iliyotengenezwa na Mmarekani au Mchina anaigeuza Kiganda papo hapo, wenyewe wakiwa bado wamefungua vinywa. Watu wa kazi hii wanaitwa vijei. Wazee humwita Ssalongo kwa kuwa ni baba wa mapacha, na vijana wameiga.

Kibanda ni changu: mabati, mabenchi, spika, jenereta. Lakini sijidanganyi, hakuna mtu anayelipa kiingilio kutazama mabati. Jirani yangu ng'ambo ya barabara ana skrini pana kuliko yangu na viti vyenye migongo, na bado watu walikuwa wakimpita wakaja kubanana kwangu, maana kwake filamu inasema Kiingereza chake na hakuna wa kuisemea. Kwangu walinunua neno la Ssalongo. Akisema huyu ni mwizi, ni mwizi. Akisema huyu ana shemeji kule mjini Kalisizo, kibanda kizima kinamjua huyo shemeji. Neno hilo likioza, mimi na yeye tufunge duka.

Liliponea chupuchupu kuoza kwa sababu ya filamu ya shujaa.

Hizi filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kibinadamu ndizo zilizotujazia kibanda miaka yote hii, nami sizitukani kwa kuwa zimenilisha. Kuna moja ilikuwa na jitu moja zuri, pole, lenye nguvu miguuni. Likikanyaga ardhi, ardhi inapasuka hadi upande wa pili wa mji. Gyaviira alilibatiza Magulunnyondo, mwenye miguu ya nyundo, akalipatia ukoo wa Mbogo na bibi wa kulilea. Mwisho wa filamu ile Magulunnyondo alikanyaga mara ya mwisho ili kuzuia bwawa lisiufunike mji, na yeye mwenyewe akamezwa na ufa. Alikufa kweli. Alikufa polepole, akimtazama mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye alibaki ukingoni ameshika buti za baba yake mdogo.

Nilisikia hata mafuta ya Nantale yakichemka mlangoni, pale anapokaanga panzi wa msimu.

Hapo vijei mwingine angesema "mwisho" akazima. Gyaviira hakuzima. Majina ya waliotengeneza filamu yakipanda kwenye skrini, yeye aliendelea kusema. Aliwataja wafiwa. Aliuita ukoo wa Mbogo. Akatoa matangazo ya mazishi, akaanua matanga palepale, akamtawaza mtoto wa kaka: "Huyu ndiye mrithi. Kuanzia leo buti ni zake, nyumba ni yake, hata madeni ni yake. Anayemjua Magulunnyondo amtafute kwa huyu. Mwenyewe harudi."

"Harudi!" watu waliitikia.

Nantale aliingia na mikono yake ya mafuta, akasimama nyuma mpaka mwisho. Mumewe alikuwa amekufa mwanzoni mwa mwaka ule, kwenye malori ya mchanga. Siku ya pili alikuja na kipande cha lubugo, lile vazi la gome la mti analovikwa mrithi, akamwambia Gyaviira akitundike chini ya skrini. Nilimwambia kitambaa cha msiba ni nuksi kwa biashara. Akaniambia, "Bwana mkubwa, nilipoanua matanga ya mume wangu nilifanya kwa kuwa ukoo ulitaka. Jana ndiyo nimeelewa." Nikakiacha. Na kweli watu wakaongezeka, maana habari ya kibanda kinachozika vizuri ilifika hadi Masaka mjini.

Mwaka uliofuata Kamulegeya alikuja na simu mkononi. Huyu Kamulegeya ni dereva wa bodaboda, mtazamaji wetu wa benchi la mbele, na ukimtafutia filamu ya shujaa asiyoijua utatafuta sana.

"Ssalongo! Mtu wako anarudi!"

"Mtu gani?"

"Magulunnyondo! Tazama tangazo. Huyu hapa, anacheka."

Gyaviira alitazama. Akairudisha simu kama mtu aliyepewa samaki wa juzi. "Hilo tangazo ni la watu wahuni," akasema.

Lakini filamu ilipofika tuliitazama asubuhi sisi wawili, milango imefungwa, maana vijei hawezi kusemea asichokijua. Hazikupita dakika nyingi, mlango wa mwanga ukafunguka angani na Magulunnyondo akatoka, mzima, amenyoa ndevu. Mtoto wa kaka yake akaanguka magoti analia. Jitu likamwambia, "Mbona umekonda? Nilikuwa likizo." Halafu likala kipande cha keki ya mtu mwingine.

Gyaviira aliisimamisha. Akatoka, akatema mate kwenye mtaro, akarudi.

"Likizo," alisema.

"Wanasema ni wa dunia nyingine," nikamwambia. "Dunia ziko nyingi, na kila moja ina wake."

"Kwa hiyo wakimwua huyu wataleta wa tatu. Na wa tisa. Sasa mimi nitamlilia nani? Umewahi kulia kwa ajili ya nyanya? Ikioza unachukua nyingine kwenye kikapu."

Nilikubaliana naye, na si kwa huruma. Nimeuza vitu vilivyotumika maisha yangu yote, na ninaijua bidhaa iliyofunguliwa, ikatumika, ikafungwa tena kwa gundi kuuzwa kama mpya. Tuliendelea kutazama, na kinyaa kikazidi. Kila mtu alikuwa mcheshi. Mama anaangukiwa na ghorofa, shujaa anatoa mzaha. Adui hana sababu, ni rangi ya zambarau tu na hasira. Vita vya mwisho ni gizani, jeshi la vumbi dhidi ya jeshi la taa, usijue nani kampiga nani. Na ukitaka kujua yule mwanamke mwenye mabawa katoka wapi, ununue filamu nyingine nne. Mkia wenyewe, ile picha fupi inayofichwa baada ya majina, unakuahidi samaki mzima mwakani. Kwa ujanja huo nimewahi kuona mtu akifukuzwa sokoni.

Lakini nilikuwa na mabenchi ya kujaza. Nikamwambia, "Ssalongo, sikiliza. Sema ni pacha wake. Sema ni Kato, jina la pacha wa pili, mdogo wa yule aliyekufa. Wewe mwenyewe ni baba wa mapacha, nani atakubishia?"

"Mapacha hawazuki ukubwani. Wangu walipozaliwa, ngoma zilisikika mpaka ng'ambo ya kinamasi. Hata anayewafuata jina lake linataja kwamba walimtangulia. Leo niwaambie watu Magulunnyondo alikuwa na pacha, na siku ya msiba nilimsahau? Bora niwaambie sijui kazi."

"Basi sema ukweli wa filamu."

"Ukweli gani? Mimi nilisimama pale nikasema harudi. Wao wakasema harudi. Nantale yuko pale mlangoni. Nikamwambie nini, kwamba mumewe alikosa dunia nyingine ya kutokea?"

Nikasema tu kwamba tusipoionyesha, Jumapili watu watavuka barabara, na wakishavuka wataona kwamba viti vya kule vina migongo.

"Nitaionyesha," alisema. Hakuniambia zaidi.

Jumapili alasiri kibanda kilijaa mpaka nikaondoa meza ya tiketi. Kamulegeya alikuwa mbele, anawahubiria jirani zake.

"Nyinyi mnazisema vibaya filamu za sasa kwa sababu hamkumbuki zile za zamani. Mtu anaruka, kamba unaiona! Mnyama mkubwa, zipu mgongoni unaiona! Sasa hivi bahari inasimama wima kama ukuta na unaona samaki ndani. Na mashujaa ni wa kila rangi, wanawake wanapiga watu makofi. Zamani mwanamke kazi yake ilikuwa kupiga kelele na kuvunjika kisigino."

"Hapo umesema kweli," Gyaviira alimjibu akiwa anajaribu kipaza sauti. "Bahari wanaijua. Walichosahau ni mtu kuzama."

Watu wakacheka. Filamu ikaanza.

Mlango wa mwanga ukafunguka. Jitu likatoka. Kibanda kikavuta pumzi. Gyaviira akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Huyu mtu anasema yeye ni Magulunnyondo wa dunia nyingine. Anasema alikuwa likizo."

Sauti ikatoka nyuma: "Na yule tuliyemzika?"

"Yule amekufa."

"Huyu je?"

"Huyu hajafa bado."

"Ukoo gani?"

"Hajasema. Ninyi mmesikia amesema?"

"Hajasema!"

"Pesa za mabugo, rambirambi tulizochanga kwa msiba, atarudisha?" mwingine akadakia, na kicheko kikapasuka. Lakini kilikuwa kicheko kibaya, cha watu walioona mkono wa mtu mfukoni mwao.

Kuanzia hapo Gyaviira alimsemea yule jitu kama anavyosemewa tapeli wa viwanja. Kila alichosema kilitafsiriwa sawasawa, nilikuwa nasikia. Sauti tu ndiyo ilikuwa na mafuta. Shujaa akitoa mzaha, Gyaviira anautoa mzaha kisha ananyamaza, na katika ule unyamavu mzaha unabaki uchi. Ilipofika wakati yule adui wa zambarau anamrusha ukutani, kibanda kilimshangilia adui.

"Lakini jamani!" Kamulegeya alisimama. "Huyo ndiye mwema! Ssalongo, unaiharibu filamu!"

"Nimeongeza neno gani?"

"Hujaongeza. Unaisema kama mtu mwenye harufu puani."

"Ninayo."

Halafu ikafika pale. Vita vimekwisha, vumbi linatua, na mtoto wa kaka, aliyezivaa buti zile mwaka mzima na kuumia ndani yake, anapiga goti kuzifungua kamba. Anataka kuzirudisha. Jitu limenyoosha mkono, linatabasamu.

Nantale alikuwa ameingia. Sikumwona alipoingia. Alisimama katikati ya mabenchi na kijiko chake cha kukaangia.

"Ssalongo," alisema, "usimwache mtoto avue."

Picha ikasimama. Gyaviira alikuwa ameshabonyeza kabla Nantale hajamaliza kusema. Goti chini, kamba mkononi, mkono wa jitu hewani.

"Filamu imekwisha," Gyaviira alisema.

"Haijaisha!" Kamulegeya alipiga kelele. "Imebaki dakika ishirini! Na mkia!"

"Mwaka jana niliwaambia amekufa, na mrithi tumemweka. Mrithi havuliwi urithi eti marehemu amepata nafasi. Wao wametudanganya, na mimi nimewasemea hadi hapa kwa sababu ni kazi. Hapo mbele kuna uongo ambao siupi mdomo wangu. Anayetaka kuuona auone kwa lugha yao."

"Ni filamu, mzee! Ni mchezo!"

"Ulilia mwaka jana au hukulia?"

Kamulegeya aliwatazama jirani zake. Kila mtu wa benchi la mbele alikuwa amemwona.

"Nililia," alisema mwishoni. "Na leo nilifurahi kumwona. Hilo nalo ni kosa?"

Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote alizotoa siku ile. Kamulegeya alikuja mlangoni kudai kiingilio chake, nikampa, maana mteja anayedai kwa haki ukimnyima umenunua adui kwa bei mbaya. Akavuka barabara, na vijana wengi wakamfuata. Waliobaki walikaa mbele ya ile picha iliyoganda wakibishana, kisha wakatawanyika. Nantale alikuwa amesharudi kwenye karai lake. Panzi walikuwa wameungua.

Wiki ile sikumsemesha Gyaviira sana. Nilimwambia tu kwamba msimamo ni kitu kizuri kwa mtu asiyenunua petroli ya jenereta. Akasema anajua. Kutoka ng'ambo habari zilitufikia: buti zilirudishwa, mtoto wa kaka akafa kwenye mkia, na tayari watu wanasema mwakani atarudi.

Jumapili iliyofuata Gyaviira aliweka filamu ya maharamia wa mto fulani wa Asia, hakuna anayeruka ndani yake. Vijana walipungua, hilo sifichi. Benchi la mbele lilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Lakini walikuja watu ambao sikuwa nimewaona siku nyingi, wauza ndizi, mafundi wa baiskeli, wanawake waliotoka kanisani na nguo zao za heshima. Walisimama kwenye kizingiti, hawaingii, na nikaona wananitazama mimi, kisha wanamtazama yeye.

Fundi mmoja wa baiskeli akapaza sauti kutoka mlangoni: "Ssalongo! Kwenye hii, wanaokufa wanakufa?"

Gyaviira alikuwa anafungua waya wa kipaza sauti. Hakuinua kichwa.

"Wanakufa," alisema. "Nimeitazama mpaka mwisho."

Wakalipa, wakaingia, wakaketi.