Jiwe Nililolinywesha Maji

Mpaka leo nakikasirikia kichwa changu. Niliondoka Dumila asubuhi bila mpango, saa tano nikapata chumba Mlali kwa Bi Zuhura. Barazani nikamsimulia mpangaji mwenzangu nilichosoma kwenye simu: katika majangwa ya baridi, vijidudu huishi ndani ya mawe, hunywa theluji iliyoyeyuka ikapenya kwenye vitundu.

"Jiwe linywe maji? Kwani uliishia darasa la ngapi?"

Swali hilo hunipandisha hasira popote. Nikanyakua jiwe lililokuwa kwenye sinia kando ya mlango, nikalimwagia jagi zima.

"Tazama linavyofyonza, mbumbumbu wewe!"

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Bi Zuhura akatoka amemshika mumewe, mikono ya mzee imejaa vidonda.

"Mwanangu," akasema, "daktari kamkataza kugusa maji. Badala ya udhu, anatayamamu kwa kupapasa jiwe hilo, likiwa kavu."

Mzee alikuwa ameshanyoosha mikono.