Mtani wa Chumba cha Skwashi

Polikarpo Komba wa Temeke alifundisha Wazungu skwashi, ule mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi, miaka mingi bila kumwambia hata mmoja wao kwamba amekosea. Msicheke. Bwana akipiga mpira ukagonga bati la chini ya ukuta, pale pasipotakiwa kuguswa, Polikarpo aliuokota, akauminya, akautazama kwa masikitiko, akasema, "Mpira umelala leo, Bwana." Bwana akiteleza, kosa ni la sakafu. Bwana akikosa mpira kabisa, akapiga upepo, basi ni taa. Kwa njia hiyo klabu yao ilijaa mabwana wanaocheza vibaya kwa raha zao, na Polikarpo akadumu kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kufagia kile chumba cha kuta nyeupe, kuhesabu pointi, kung'arisha vikombe vya ushindi, na kucheza na bwana yeyote aliyekosa mwenzake. Jina lake hapo klabuni lilikuwa Boi. Ana mvi, ana wajukuu, lakini ni Boi. Jina hilo lilimuuma, tena sana.

"Mie si nafundisha watu?" alimwambia mkewe, Yuliana. "Kwa nini nisiitwe mwalimu?"

Aliyejibu ni Benedikto, kaka yake Yuliana, mwalimu wa shule ya misheni, ambaye hajawahi kusubiri aulizwe. "Mwalimu ana cheti, shemeji. Wewe una fagio."

Haya. Mwaka hamsini na nne akaja mtahini kutoka Uingereza, Bwana Kuper, mwembamba, mkavu, kazi yake kupima walimu wa skwashi na kuwapa vyeti. Katibu wa klabu, Bwana Hamfri, akamwandikisha Polikarpo, tena akajitolea kuwa yeye ndiye atakayefundishwa siku ya mtihani. Bwana Hamfri alikuwa na roho nzuri na tumbo kubwa.

Siku ya mazoezi Bwana Hamfri alipiga mpira ukaenda darini. Mtahini akauliza, "Kosa lake nini?"

"Mpira, Bwana."

Akapiga wa pili, ukaingia kwenye bati. "Na sasa?"

"Unyevu, Bwana. Unatoka baharini."

Mtahini akamwambia waziwazi: mwalimu asiyeweza kutaja kosa la mwanafunzi wake hapewi cheti. Kesho akijibu hivyo tena, arudi kwenye fagio lake.

Polikarpo alifika nyumbani hana hamu hata ya ugali. "Nimwambie katibu amekosea, halafu nile wapi?"

Yuliana alikuwa anapepeta mchele, wala hakuinua kichwa. "Mfanye mtani."

"Mzungu?"

"Si tunataniana na Wahehe kwa sababu tulipigana? Sie Wangoni tulipigwa na Mjerumani. Mjerumani akapigwa na Mwingereza, mali zake zote zikachukuliwa. Basi na utani wake umo humo humo."

Polikarpo akatafuta kasoro katika maneno hayo asiione. Asubuhi, mbele ya mtahini, akamweleza Bwana Hamfri habari nzima: mtani husema lolote, mtani huchukua kitu chako bila kuomba, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Bwana Hamfri akafurahi kama mtoto aliyepewa muwa. "Haya, mimi mtani!"

Akapiga mpira wa kwanza.

"Ala! Mtani, hiyo raketi unaishika kama unaua nyoka chooni. Legeza mkono!"

Akapiga wa pili.

"Tumbo lako limefika ukutani kabla ya miguu. Anza na miguu, tumbo litafuata, halina pa kwenda!"

Makosa ya miaka yote yalimtoka Polikarpo mfululizo, na kila kosa lilifuatwa na dawa yake. Bwana Hamfri alicheka, akatoka jasho, na kabla ya saa sita alikuwa anapiga mpira unakwenda anakotaka. Mtahini hakucheka hata kidogo. Akatia sahihi cheti.

Polikarpo hakukifikisha Temeke. Bwana Hamfri alikinyakua palepale. "Mtani chukua!" akasema, akakitundika ukutani kwenye baa ya klabu, akawaelezea mabwana wote ile desturi, nao wakampongeza. Kisha akageuka. "Boi, leta bia."

Polikarpo akaleta bia. Wiki nzima alikipangusa vumbi cheti chake mwenyewe, na moyo ulimchoma.

Jumamosi akachukua kikombe cha fedha alichoshinda Bwana Hamfri zamani zile wachezaji wengine walipokuwa likizo, akakifunga nyuma ya baiskeli. Getini akakutana na mwenyewe. "Mtani, nimechukua," akasema. Bwana Hamfri akadhani kinakwenda kung'arishwa, akampungia mkono.

Hakikurudi. Wiki iliyofuata, kila alipoulizwa, Polikarpo alijibu, "Si mtani nimechukua?" Kuita polisi Bwana Hamfri hakuweza, maana desturi ile aliihubiri mwenyewe baa nzima ikasikia. Jumapili baada ya misa gari lake likasimama mbele ya nyumba ya Polikarpo, majirani wakatoka. Benedikto alikuwa barazani anatafuna karanga. Bwana Hamfri akashuka, cheti kwapani.

"Boi iko?"

Yuliana akamtazama kwa adabu zote. "Karibu, mtani. Huyo hapa hakai."

"Boi! Boi ya skwashi!"

"Labda nyumba nyingine."

Ndani, nyuma ya pazia, Polikarpo alisimama akisikiliza. Kazi ndiyo imekwenda, alijiambia. Nje Bwana Hamfri alifuta jasho, akaangalia majirani, akaangalia cheti, akakisoma kama hajawahi kukiona.

"Mwalimu Polikarpo iko?"

"Yupo," alisema Yuliana. Akamgeukia kaka yake, akampokonya kile kikombe cha fedha, akamwaga karanga zilizobaki. "Kaka, mpishe mgeni wa mwalimu akae."

Benedikto akainuka.