Mkia wa J Ulivyopanda

Assalaam alaykum jamani, nyote mliokaa kwenye mabenchi haya mkingoja zamu ya mazoezi. Bi Salma, anayetunyoosha viungo hapa, kanambia nisimulie yaliyonikuta, na mimi kusimulia ndiyo starehe yangu!

Mimi mtu wa Micheweni. Msimu wa karafuu nachuma. Msimu ukimalizika watu wana fedha, harusi zinaanza, basi napamba bahasha za barua za posa. Jina la baba wa binti nalivimbisha, nalipinda, herufi moja naivisha kilemba, nyingine naichomeka asumini. Wazee wanaopeleka posa hucheka kabla hawajafika mlangoni.

Mwaka ule nilikuwa na bahasha yangu mwenyewe kichwani. Nilimtaka Mwanaisha, mkulima wa mwani, binti wa Mzee Juma. Nilimtaka hasa!

Siku moja nimo juu ya mkarafuu nachuma, tawi likakatika. Niliuangukia mkono wa kulia, nikausikia ukilia ko! Mfupa wa juu ya kiwiko ulivunjika. Hospitali Chake Chake walinifunga plasta. Ilipofunguliwa nikanyoosha mkono mbele ya daktari, kiganja kikaning'inia. Nakiamuru kipande, wapi! Ngozi ya juu imekufa ganzi.

"Mshipa wa fahamu umeumia," daktari akasema. "Huenda ukarudi. Lakini ukiuweka mkono bure, utakakamaa."

Nililia, msinicheke. Nikaacha kula mbele za watu, maana kupeleka tonge kwa mkono wa kushoto niliona aibu. Nikamwambia mama posa isimame mpaka bahasha niiandike mwenyewe, kwa mkono huuhuu.

"Nunua ya dukani!" mama akasema. "Kuna ntu mwengine keshauliza habari za yule binti."

Hofu ilinishika, lakini nikakataa. Mimi mkaidi. Bi Salma aliposikia akacheka. "Basi hilo ndilo zoezi lako," akasema. "Andika."

Akanifungia brashi nene kiganjani kwa kitambaa, nikaandika kwa nguvu za bega. Weee! M ilikaa kama banda lililobomoka. Kushuka niliweza, kupanda hata kidogo. J ya Juma ilishuka ikabaki chini, kijiti kitupu. Vijiti hivyo nikavichorea viatu na kofia ili nisikate tamaa. Bega liliwaka moto, jasho likadondokea rangi. Nilijaza bahasha mpaka mama akawa anafungia pilipili.

Asubuhi moja baada ya chai nikateremsha J. Ilipofika chini, kiganja kikajiinua. Kidogo tu! Mkia ukapinda, ukapanda. Nikapiga ukelele, mama akatoka jikoni na mwiko akidhani nimeona nyoka.

"Umepanda!"

"Nini kimepanda?"

"Mkia, mama! Mkia wa J!"

Akaitazama, akanitazama kiganja, akaketi chini akilia. Nami nikalia, safari hii kwa furaha.

Alhamdulillah. Vidole vilifuata polepole, kwa maumivu ya kuchomachoma. Bahasha ya Mzee Juma ilikwenda na herufi zake za upande upande, J imevaa viatu. Wakakubali!

Ndugu zangu, njooni kwenye mazoezi hata siku mnayoyachukia. Tafuteni jambo mnalolipenda, mlifanye kwa kiungo hicho kibovu, mlifanye vibaya, mcheke, mlifanye tena. Na namshukuru Bi Salma, na mama yangu, ambaye tangu nishike brashi hakuwahi kunambia basi.

Siku ya ndoa Mzee Juma alinipa mkono wake wa kulia, akaniozesha. Nikaitikia mbele ya shehe na watu wote. Na ule mkono nikaubana, kwa vidole vyote vitano, nikawa siuachi. Shehe akakohoa. Watu wakaanza kuguna. Mzee Juma akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, niachie nkono," akanong'ona. "Nke nshakupa."