Alasiri Niliyojiona Mwali

Juzi kikundi changu cha ngoma kilialikwa kijiji cha Kibuta kumcheza mwali. Alipotolewa nje akiwa amebebwa mabegani, macho yakimuuma kwa mwanga, nilikumbuka alasiri niliyofungiwa mimi.

Mama alinitia chumba cha nyuma kilichonuka magunia na mafuta ya taa. "Usitoe sauti, mwanangu. Washenga wa dada yako wakiondoka nitakufungulia." Komeo likalia kwa nje.

Nilifurahi. Kwetu Kisarawe msichana akishakua aliwekwa ndani awe mwali, na siku ya kutoka alichezewa ngoma na kijiji kizima. Nikaamini zamu yangu imefika. Nilishawatangazia wote nyumbani kwamba nitakuwa mcheza ngoma mkubwa, wakacheka, sasa wataona. Nikafanya mazoezi gizani, nikizungusha kiuno taratibu nisigonge magunia.

Harufu ya pilau ilipita chini ya mlango. Joto likanibana, kiu ikanishika. Sebuleni sauti nzito ikauliza, "Mabinti mnao wangapi?"

"Ni huyu mmoja tu," baba akajibu.

Nikaona baba ananificha vizuri, maana mwali haonyeshwi watu kabla ya siku yake. Leo najua alichoogopa: wageni wangeuona uso wangu huu wa Down syndrome, ulemavu niliozaliwa nao, na posa ya dada ingevunjika.

Jua lilipoinama mama alifungua, ameshika sahani. Nikamnyooshea mikono anipandishe begani.

"Mama, ngoma ziko wapi?"

Alinishikisha sahani. "Kula, mwanangu, wageni bado wapo," akasema, na komeo likalia tena.