Nilimwita mbwa, wakaitika watu

Leo nimesalimia Milima ya Ngong yote bila kukusudia.

Nimetoka Kitengela na mbwa wangu, Supa, kumtembelea shangazi. (Tulimwokota nje ya supamaketi.)

Huku mlimani akaona sungura, akapotelea kwenye ukungu.

Nikaita, "Supa! Supaaa!"

"Epa!" akajibu mtu kutoka juu.

"Epa!" mwingine, bondeni.

Ndipo nikakumbuka kwamba "supa" ni salamu ya Kimaasai, na hujibiwa "epa". Lakini ningeitaje tena? Nikaendelea, huku nalia.

Mama mmoja mwenye mbuzi akaja. "Wewe msichana, umenisalimia mara kumi. Kuna shida?"

"Nimepoteza mbwa, mama."

"Anaitwa nani, tumwite?"

"Supa."

"Epa. Sasa mbwa anaitwa nani?"

Alipoelewa alicheka sana, kisha akamwita kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Supa akatoka kichakani, akamkimbilia yeye kwanza.

Nyinyi mngemsamehe?