Mtoto wa Ngoma Mbili

Vumbi la kijijini kwetu Zagayu baada ya pamba kuuzwa lina harufu yake: samadi kavu, jasho, na ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Nikiisikia, nakumbuka msimu ule wazazi wangu waliponuniana kwa ajili ya mtoto ambaye hata hajazaliwa. Mama, aliyekuwa mjamzito, alitaka mtoto aitwe Minza, jina la mama yake. Baba alitaka Holo, jina la mama yake yeye. Kila mmoja alikuwa na kundi lake la ngoma, basi wakakubaliana kwamba kundi litakalovuta watazamaji wengi zaidi ndilo litoe jina. Kwamba angeweza kuzaliwa wa kiume, hakuna aliyewaza. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi ya nyumba ile nilikuwa mimi. Nilitaka tu waongee.

Siku ya mashindano makundi yalicheza uwanja mmoja, kama ilivyo desturi yetu, kila moja likiwa na duara la watu waliozunguka taratibu wakitafuta upenyo wa kuona. Kundi la mama lilirusha majembe hewani na kuyadaka. Watu wakavutika. Baba akamtoa chatu wake wa kuchezea ngoma. Watu wakarudi, wengine wakabaki njiani kama mkia mrefu. Kila kundi likasogea kuwapora watu wa mwenzake, mpaka maduara yakaingiliana. Nilifumba macho nikingoja majeruhi. Hakuna aliyegongwa, hata chatu hakukanyagwa. Watu walipishana tu, vumbi likapanda, na lilipotulia hapakuwa na duara tena. Palikuwa na umati mmoja wenye umbo la yai, kila mtu akielekea upande wake, na mama katikati, tumbo mbele, ameshika mkia wa chatu.

“Mama Kabula, nani kashinda sasa?” baba akauliza, akimwita kwa jina langu.

“Mshike nyoka wako kwanza.”

Hawakuwa wamesemezana tangu mavuno. Nilifurahi hadi nikalia.

Leo nafundisha fizikia Bariadi. Siku hizi makundi ya ngoma hutenganishwa kwa kamba na spika, hayaingiliani tena, na wanafunzi wangu hawajaona nilichokiona. Kwa hiyo nawasimulia uwanja ule ninapoeleza galaksi mbili zinavyovutana na kugongana: nyota zinapishana bila kugusana kwa kuwa zimeachana mno, mzunguko wa awali unavurugika, na inabaki galaksi moja kubwa, duaradufu.

Majuzi mmoja akauliza, “Sasa mwalimu, ipi ilishinda?”

Nikamkumbuka mdogo wangu, Minza Holo. Ukimwita Minza, anaitika. Ukimwita Holo, anaitika. Ukimtuma maji, hasikii hata moja.